Usione Zaelea, Mwanangu

Mwanangu, najua una haraka. Ujana ndivyo ulivyo, na siku hizi dunia nzima inakusukuma. Ukiuliza jambo unataka jibu hapo hapo. Ukianza jambo unataka kuuona mwisho wake kesho. Sikulaumu. Ila leo vuta kiti, ukae nami kidogo. Nataka kukupa habari ya galaksi ambazo watu wengi hawazitazami mara mbili, zile za duaradufu.

Wazee wa pwani walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema vyombo vya baharini. Mimi nalisema neno hilo juu ya galaksi, na juu ya watu pia. Kitu ukikikuta kimetulia, usikihukumu mpaka umeuliza kimefikaje hapo.

Kwanza tuelewane. Sisi tunaishi ndani ya galaksi iitwayo Njia Nyeupe. Zamani hapa Kimandolu, Arusha, wakati kulikuwa na migomba na mibuni kuliko nyumba, usiku usio na mwezi uliiona bila shida. Ilikatiza anga kama wingu jembamba. Siku hizi taa za mji zimeifunika, lakini ukipanda huko juu upande wa Mlima Meru bado utaiona. Galaksi yetu ni bapa. Ina mikono inayozunguka, ina gesi baridi, ina vumbi, na bado inazaa. Kila mwaka inatoa nyota mpya ambazo uzito wake kwa jumla ni kama wa jua moja au mawili.

Galaksi za duaradufu hazina mikono. Ni mkusanyiko wa nyota uliovimba, mwingine duara kabisa, mwingine umerefuka kidogo. Nyota zake nyingi ni nzee, za rangi ya manjano na wekundu. Gesi baridi ya kuzalia nyota karibu hakuna. Edwin Hubble alipozipanga galaksi kwa maumbo mwaka 1926, hizi alizipa herufi E na namba, kuanzia 0 kwa iliyo duara hadi 7 kwa iliyorefuka sana. Ukiitazama picha yake unaona nuru iliyokolea katikati na kufifia pembeni, basi. Ni rahisi kusema haina habari.

Mimi nilisema hivyo. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na kitabu chetu kilikuwa na kurasa mbili za galaksi. Ule wa galaksi zenye mikono tulikaa nao kipindi kizima. Ule wa duaradufu niliufunua nikaupita. Binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na hii imekuwaje ikawa hivi?" Nikamjibu kwamba hiyo ni nzee, imemaliza kazi yake, na haiji kwenye mtihani. Akashusha mkono. Mwanangu, swali lile lilikuwa likiwanyima usingizi mabingwa wa dunia nzima, na mpaka leo linawanyima. Nililifunga kwa sentensi moja kwa sababu nilitaka kumaliza mada. Ndiyo maana leo nakueleza polepole.

Kosa hilo hata wakubwa walilifanya. Katika miaka ya 1950 na 1960, Allan Sandage, bingwa aliyetumia darubini kubwa ya Palomar huko California, alitaka kujua ulimwengu unapanuka kwa kasi gani na mwisho wake utakuwaje. Alihitaji taa za kupimia umbali. Akazichagua galaksi kubwa za duaradufu, kwa kudhani mng'ao wake haubadiliki sana kadiri muda unavyopita. Zimetulia, zitabadilika nini?

Akatokea mwanamke kijana, Beatrice Tinsley, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia New Zealand. Alifanya tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Texas miaka hiyo hiyo ya 1960. Alikaa akapiga hesabu: nyota zikizaliwa pamoja, kubwa zinakufa mapema, ndogo zinabaki, kwa hiyo galaksi nzima inafifia kadiri inavyozeeka. Ukiitazama galaksi ya mbali unaiona ilivyokuwa ujanani, iking'aa zaidi. Maana yake taa za Sandage zilikuwa zikibadilika, na vipimo vyake vilihitaji kusahihishwa. Wakubwa hawakumkubali upesi. Yeye hakugombana kwa maneno. Aliendelea na hesabu, makala baada ya makala, mpaka akawa profesa Chuo Kikuu cha Yale. Saratani ilimchukua mwaka 1981, akiwa na miaka 40 tu. Leo hakuna anayezisoma galaksi bila kupita njia aliyoifungua.

Shika hilo. Kuwa kijana hakukuzuii kumsahihisha mkubwa. Lakini nenda na hesabu mkononi.

Sasa, galaksi hizi za duaradufu zimefikaje hapo? Kulikuwa na majibu mawili. Wa kwanza walisema wingu kubwa la gesi liliporomoka lenyewe zamani sana, likawaka nyota kwa mkupuo mmoja, yakaisha. Richard Larson alilionyesha hilo kwa kompyuta katikati ya miaka ya 1970. Wa pili walikuwa ndugu wawili wazaliwa wa Estonia, Alar na Jüri Toomre. Mwaka 1972 walionyesha, nao kwa kompyuta, jinsi galaksi mbili zinavyovutana na kuraruana zikipita karibu. Mwaka 1977 Tinsley na Larson waliitisha mkutano pale Yale. Humo Alar Toomre alitoa hoja kwamba galaksi mbili bapa zikigongana na kuungana, mikono inavurugika, nyota zinatawanyika kila upande, na kinachobaki ni duaradufu. Ona adabu hiyo, mwanangu. Larson alikuwa na jibu lake, na bado alimwandalia jukwaa mtu mwenye jibu jingine.

Ubishi ule ulichukua miaka mingi kupoa. Ulipopoa, ikaonekana kila upande ulishika sehemu ya kweli. Na baadhi ya ushahidi ulipatikana kwa msaada wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hilo sikufundishwa shuleni, nililisoma nikiwa mtu mzima.

Kaskazini ya Malindi, Kenya, kuna mahali panaitwa Ngomeni. Waitaliano waliweka huko jukwaa la kurushia roketi, limesimama kwa miguu yake ndani ya bahari. Waliliita San Marco. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta. Dunia inapozunguka, ikweta ndiyo inayokwenda kasi zaidi, na roketi inapata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ya kupokea eksirei za angani ilirushwa kutoka pale. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi ule, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji.

Eksirei kutoka angani hazifiki chini. Hewa inazizuia, ndiyo maana lazima upande juu yake. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339. Kundi la wataalamu lililoitumia liliongozwa na Riccardo Giacconi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Miongoni mwa waliyoyaona ni hili: makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Mashuke ambamo imo galaksi kubwa ya duaradufu iitwayo M87, yanatoa eksirei kutoka eneo pana sana. Ilikuja kufahamika kwamba ni gesi iliyojaa baina ya galaksi na galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi.

Mwaka 1974 setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, ikarushwa kutoka jukwaa lile lile. Mwaka 1976 ikaonekana katika gesi ya kundi la Perseus alama ya chuma. Chuma hakikuwapo ulimwengu ulipoanza. Chuma hupikwa ndani ya nyota na kutapanywa zinapolipuka. Kwa hiyo zile galaksi tulivu ziliwahi kuwaka kwa nguvu, nyota zake zikalipuka kwa wingi, na majivu yake yakatoka nje hadi kujaa katikati ya galaksi na galaksi. Mimi nilisema hazina habari. Habari ilikuwa imemwagika nje yake.

Zipo alama nyingine ndani ya nyota zenyewe. Nyota kubwa sana hulipuka mapema, ndani ya miaka mamilioni machache tu, na hutoa magnesiamu kwa wingi. Chuma kingi hutoka kwenye milipuko ya aina nyingine, ambayo huchelewa. Baadhi yake husubiri hata miaka bilioni. Sasa ukiipima nuru ya galaksi kubwa za duaradufu, unakuta nyota zake zina magnesiamu nyingi kwa kulinganisha na chuma chake, kupita ilivyo kwa jua letu. Maana yake zilizaliwa haraka, kabla chuma hakijapata nafasi ya kuingia. Na kadiri galaksi ilivyo kubwa, ndivyo alama hiyo inavyozidi. Zilizo kubwa kuliko zote ndizo zilizowahi kuanza na kuwahi kumaliza.

Lini? Hapa ndipo uzuri wa nuru. Nuru inachukua muda kusafiri. Ukiitazama galaksi ya mbali sana unaiona ilivyokuwa nuru ilipoondoka, wala si ilivyo sasa. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Darubini zilipoweza kuona miaka kama bilioni 10 nyuma, wataalamu walitarajia kukuta galaksi zikiwa bado zinajengwa. Walikuta baadhi zimekwisha kuwa nzito na zimeacha kuzaa nyota. Ila zilikuwa ndogo kwa upana, mara tatu hadi tano kuliko zenye uzito kama huo zilizo karibu nasi leo. Zilikuwa zimeshindiliwa.

Darubini ya James Webb iliyorushwa siku ya Krismasi ya mwaka 2021 imekwenda nyuma zaidi. Mwaka 2023 wataalamu wakiongozwa na Adam Carnall wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza galaksi moja iitwayo GS-9209. Tunaiona ilivyokuwa miaka bilioni 1.25 tu baada ya ulimwengu kuanza. Tayari ilikuwa na nyota zenye uzito wa majua bilioni 40 hivi, na tayari ilikuwa imezima. Nyota zake nyingi zilizaliwa ndani ya miaka milioni 200 hivi. Tangu hapo zimepatikana nyingine za mapema zaidi, na wanaotengeneza mifano ya ulimwengu kwa kompyuta wanahangaika kuzieleza. Hakuna aliyetarajia zimalize mapema hivyo.

Sasa utaniuliza: ile iliyoshindiliwa imekuwaje ikawa pana, kama ilikwisha kuacha kuzaa? Nikupe mfano wa hapa hapa mtaani.

Jirani yangu alijenga nyumba yake hapa Kimandolu kwa haraka. Alipata fedha kwa mkupuo, akajenga chumba na sebule kwa tofali za kuchoma, akaezeka bati, akahamia. Fedha zikaisha. Kisha kwa miaka mingi alikuwa anaongeza. Huku chumba cha bloku za saruji alizonunua kwa aliyekuwa anabomoa, huku veranda, huku mlango wa mninga uliotoka nyumba nyingine kabisa. Mwisho akapiga lipu na kupaka rangi. Ukipita barabarani unaona nyumba moja kubwa, unadhani ilijengwa mara moja. Nilikuwapo siku fundi alipotoboa ukuta kupitisha bomba la maji. Katikati ya nyumba nyundo ilitoa vumbi jekundu. Alipofika vyumba vya pembeni likatoka la kijivu. Historia yote ya nyumba ilikuwa pale kwenye ukuta, chini ya lipu.

Galaksi kubwa ya duaradufu nayo ina kiini kilichojengwa upesi, zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kwa gesi yake yenyewe. Hapo waliosema habari ya kuporomoka hawakukosea. Kisha kwa mabilioni ya miaka imekuwa ikipokea galaksi ndogo zinazoanguka ndani yake, na nyota za hao wageni zimetanda pembeni. Hapo waliosema habari ya kuungana nao hawakukosea. Wataalamu wakiipima nuru kutoka katikati kwenda nje, wanaona tofauti: nyota za katikati zina metali nyingi, za pembeni zina kidogo, kama zilivyo nyota zilizozaliwa katika galaksi ndogo.

Na kwa nini haikuendelea kuzaa? Rudi kwenye ile gesi ya moto iliyoonwa na setilaiti ya Malindi. Nyota huzaliwa gesi inapopoa na kujikusanya. Gesi ya joto lile haijikusanyi. Ingepaswa kupoa taratibu, lakini kuna kinachoipasha tena. Katikati ya M87, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 54 kutoka hapa, kuna shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Ndilo lile la kwanza kupigwa picha, dunia ikaoneshwa tarehe 10 Aprili 2019. Kutoka hapo unachomoka mchirizi unaong'aa wenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru; Heber Curtis aliuona kwenye picha tangu mwaka 1918. Nguvu za namna hiyo ndizo zinazoipasha gesi isipoe. Utulivu ule unaouona unalindwa na kishindo kilicho katikati.

Usidhani pia kwamba zinazofanana zimepita njia moja. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha vipimo vya galaksi 260 za jirani, za duaradufu na ndugu zao wa karibu. Kwa picha zilikuwa karibu sawa. Zilipopimwa mwendo wa nyota zake, asilimia 86 zilikuwa zinazunguka kwa mpangilio, na 14 tu hazikuwa na mzunguko wa maana. Sura zilikuwa moja, safari zilikuwa mbali mbali.

Na za kesho usizitangaze mapema. Mwaka 2012 tuliambiwa kwa uhakika kwamba Njia Nyeupe na galaksi jirani ya Andromeda zitagongana baada ya miaka kama bilioni nne, na huenda zikawa duaradufu moja. Niliwasimulia watu hivyo kwa miaka. Mwaka 2025 hesabu mpya zikaonyesha kwamba uwezekano wa kugongana katika miaka bilioni 10 ijayo ni nusu kwa nusu. Waliokuwa na hakika wamerudi mezani kupiga hesabu upya, na hiyo ndiyo heshima ya elimu.

Mwanangu, unaona sasa kwa nini nimekukalisha. Utakutana na mzee asiyesema sana, ukadhani hajafanya kitu. Utakutana na mwenye mali, ukadhani aliipata siku moja, nawe ukataka kuipata siku moja. Uliza. Na wewe mwenyewe usijihukumu kwa hapo ulipo leo. Kuna waliowaka mapema wakazima mapema, na kuna wanaozaa nyota moja moja kwa mwaka kama galaksi yetu, na mpaka leo bado wanazaa.

Tena usiniamini mimi tu. Masika ikiisha, mwanzoni mwa Juni, subiri usiku ambao mawingu yameuachia Meru. Kama saa tatu usiku, geukia kusini uutafute Msalaba wa Kusini. Juu yake, kidogo upande wa mashariki, ukiwa mahali penye giza na una darubini ya mkono, utaweza kuona doa hafifu la ukungu. Ni Centaurus A, galaksi ya duaradufu iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 12. James Dunlop aliiona akiwa Australia mwaka 1826. Kiunoni imefungwa mshipi wa vumbi jeusi ambao utauona kwa darubini kubwa zaidi. Ni mabaki ya galaksi nyingine iliyoingia ndani yake. Ukishindwa siku ya kwanza kwa mawingu, toka tena kesho yake.

Na siku ukiwa mwalimu, au mzazi, au mkubwa wa mahali popote, mtoto akinyoosha mkono akauliza imekuwaje, usimshushe mkono. Kama hujui, mwambie mtatafuta pamoja, kisha mtafute kweli.